Dobi wa Kagugu na Ngumi Zisizoruhusiwa

Mimi ni mtu wa hasira, na nalisema mapema ili mtu asije akanilaumu baadaye. Kwetu ni Tarime, na watu wa Tarime tunasifiwa kwa jambo hilo popote tuendapo. Sijaona sababu ya kuwaangusha wenzangu. Mchana nafanya kazi katika ofisi ya kugomboa mizigo hapa Kigali. Jioni nafundisha ndondi Gisimenti, kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka la vipuri, na siku ya mapambano mimi ndiye refa. Miaka kumi na miwili sasa. Nimepigwa, nimetukanwa kwa lugha nne, nimemwagiwa ndoo ya maji na mke wa bondia aliyeshindwa. Lakini hakuna aliyewahi kunichosha kama Cyriaque Niyongabo, dobi wa Kagugu, na hakunichosha kwa ngumi. Alinichosha kwa maswali.

Alikuja Jumanne moja ya mwezi wa nne, kabla mazoezi hayajaanza. Mtu wa miaka arobaini na saba, mfupi kidogo, mabega mapana ya mtu anayekamua mablanketi kwa mikono, shati limepigwa pasi mpaka unaogopa kulisogelea. Alivua viatu mlangoni. Nikamwambia hapa hatuvui viatu, akasema yeye anavua. Kisha akainamia ukumbi, ukumbi mtupu wenye begi la mazoezi na ndoo mbili, akaniinamia na mimi, akatoa daftari mfukoni.

"Maître Mwita," akasema, maana huko alikokulia Bujumbura mwalimu wa karate huitwa hivyo. "Mtu akipiga na mgongo wa mkono, iko halali?"

Na kabla sijafungua mdomo, mkono ukatoka. Sikuuona. Nilisikia upepo, na nilipoangalia, mgongo wa ngumi yake ulikuwa umesimama kando ya shavu langu, hauligusi, umetulia tuli. Nikamwambia si halali. Nikamweleza kwamba katika ndondi unapiga kwa sehemu ya mbele ya ngumi, hapa penye vifundo vya vidole, mkono umefungwa ndani ya glavu. Mgongo wa mkono hapana, ubavu wa mkono hapana, kiganja hapana, na kiwiko usikitaje kabisa. Akaandika yote. Akashukuru, akainama, akavaa viatu, akaondoka, nami nikadhani nimemalizana naye.

Alhamisi akarudi. Sasa alitaka kujua: je, mtu akizunguka kwanza ndipo apige kwa mgongo wa mkono? Nikamwambia kuzunguka hakuhalalishi kitu, tena kunaongeza kosa. Je, akigonga kwa chini ya ngumi, kama anayegonga mlango? Nikamwambia mlango gonga, mtu usigonge. Je, kidole kimoja kikitangulia mbele kidogo, kwa ajili ya kutafuta mahali panapouma? Nikamvalisha glavu nikamwambia haya, tanguliza kidole. Akahangaika ndani ya ile glavu dakika nzima, akacheka mwenyewe, akafuta kitu kwenye daftari.

Jumanne akarudi tena, na safari hii alinikamata. Akauliza kama mtu anaruhusiwa kuruka juu akapiga akiwa hewani. Sasa, kanuni haikatazi. Ukiruka ukapiga kwa vifundo vya vidole, hiyo ni ngumi halali kama nyingine yoyote. Tatizo ni kwamba ukiwa hewani huwezi kukwepa wala kurudi nyuma, na mwenzako yuko chini anakusubiri ushuke. Nikamweleza hivyo, naye nikamwona anaandika: Halali. Hatari. Akauliza ile ngumi yao ya wima, kidole gumba kikiwa juu, inayotoka kiunoni. Hiyo pia halali, nikasema, ila inatoka mbali mno. Mtu anaiona inakuja, ana muda wa kufunga kamba za viatu.

Hapo nikalishika lile daftari nikalifunga. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo mke wangu haipendi, anatafuta nini hasa katika maisha yangu.

Akaketi kwenye benchi akanieleza. Alizaliwa na kulelewa Buyenzi, Bujumbura, wazazi wake wakiwa Wanyarwanda wa huko, na karate alianza akiwa na miaka kumi na mitano. Alipohamia Kigali alifungua kazi yake ya udobi Kagugu, na jioni za Jumatatu na Jumatano akaazima ukumbi wa parokia, akaanzisha klabu. Klabu ina miaka kumi na tisa. Ilikuwa na wanafunzi zaidi ya thelathini. Sasa walikuwa wamebaki kumi na mmoja, na aliyeanza kuondoka, akawafungulia wengine mlango, alikuwa binti yake mwenyewe, Christella.

Mimi Christella namfahamu vizuri, maana alikuwa amehamia kwangu. Ana miaka kumi na tisa, ana mkono wa kushoto ambao nikiufikiria nafurahi peke yangu ofisini. Nilijua babake ni dobi. Habari za karate hakuniambia, na hapo ndipo nikaelewa kwa nini wiki yake ya kwanza alikuwa analiinamia begi la mazoezi kabla ya kulipiga.

Siku aliyoondoka, Cyriaque akasema, alimuuliza sababu, na mtoto akamjibu mbele ya wanafunzi wote kwamba karate yake ni danse tu, haigusi mtu. Alitumia neno hilo, danse, yaani kucheza ngoma. Na ubaya wake, lilikuwa kweli. Katika miaka thelathini na miwili ya karate, Cyriaque hakuwahi kumpiga mtu. Mwalimu wake wa Bujumbura alikuwa na sharti: ukimgusa mwenzako usoni, unaosha ukumbi wiki nzima. Ngumi yako ikiishia mbali, zaidi ya upana wa kidole, unaosha vilevile. Ngumi nzuri ni ile inayotoka kwa nguvu zote ikasimama palepale mbele ya ngozi. Hapo katikati, kati ya kugusa na kutogusa, ndipo mtu huyu alikuwa ameishi maisha yake yote.

Sasa alikuwa hajui tena kama anachofundisha ni kitu au si kitu. Anafua nguo huku anajiuliza. Kwa hiyo alikuwa ameamua: ataingia ulingoni mara moja, kwa kanuni za ndondi kwa sababu ndizo binti yake anaziamini, mbele ya mtu anayetaka kumpiga kweli. Ikionekana kuna pigo lake hata moja linalofanya kazi, sawa. Kama hakuna, anafunga klabu na kurudisha ufunguo parokiani. Hataki kuwadanganya watoto wa watu. Aliyasema haya bila kupandisha sauti, kama anavyomwambia mteja suti yake itakuwa tayari Ijumaa.

Nilimwonea huruma, jamani, acheni tu. Na mimi huruma huwa inanijia kwa njia ya ukali. Nikamfokea avae glavu, na viatu.

Mazoezi yakaanza, na ndani ya wiki moja nikagundua nimepoteza muda wangu wote. Kwenye begi hakuwa na shida. Alikuwa akilipiga mpaka mnyororo unalia na watu wa duka la vipuri wanakuja kuchungulia. Lakini kila akipiga moja, anaurudisha mkono kiunoni, anasimama wima na kutulia. Nikamuuliza anasubiri nini. Akasema anasubiri refa atoe pointi. Kumbe kwenye mashindano yao ukipata pigo safi, refa anasimamisha, mnarudi mahali penu, mnaanza upya kwa heshima. Nikamwambia kwetu hakuna anayesimamisha. Ukisimama wewe, mwenzako anaendelea.

Nikampa Kiprotich afanye naye mazoezi. Kiprotich ni Mkenya wa Eldoret, anafanya kazi za bima Kimihurura, ana miaka arobaini na mitatu na uzito uleule wa Cyriaque. Kila anayesikia jina lake anamuuliza habari za mbio ndefu, na yeye hawezi kukimbilia hata basi. Anasema ndiyo maana alichagua mchezo unaochezewa ndani ya kamba. Mtu mwungwana sana, ila akivaa glavu anapiga.

Basi ikawa hivi. Cyriaque anatoa ngumi, inaruka, inasimama mbele ya pua ya Kiprotich kwa unene wa ukucha. Kiprotich anafumba macho. Cyriaque anarudisha mkono kiunoni, anasimama wima. Kiprotich anafumbua macho, anajikagua, anajikuta mzima, anampiga Cyriaque. Wanaanza upya. Wiki tatu tulikaa na mchezo huo. Kiprotich alikuja kuniambia faraghani kwamba yeye anaona aibu, anajiona anampiga mtu aliye kanisani.

Siku moja uzalendo ukanishinda. Nikasimama mbele ya Cyriaque, mikono chini, nikamwambia anipige usoni. Ngumi ikaja, ikasimama. Nikaitukana karate. Ngumi ikaja, ikasimama. Nikamwambia hata pasi yake ni mbaya, jambo ambalo ni uongo mtupu na Mungu anisamehe. Akaniangalia kwa uchungu, akanigusa begani kwa glavu, akaniomba radhi: pardon. Nikaenda kukaa nje. Mwezi mzima nilikuwa nimempa somo la ngumi haramu na ngumi halali mtu ambaye ngumi yake, iwe haramu iwe halali, haimfikii mwenzake.

Nilitaka kumtoa kwenye orodha. Akakataa. Akasema asipoingia hatajua, na akisema amejua atakuwa mwongo.

Pambano likapangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa sita, alasiri, baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mitaani. Hilo lilikuwa kosa langu la ratiba, nalikubali. Asubuhi nzima watu wamechimba mitaro na kufyeka nyasi mitaani kwao, halafu alasiri unataka wapigane. Kiprotich, ambaye mikono yake kwa wiki nzima hushika kalamu, alifika na malengelenge kwenye viganja vyote viwili. Cyriaque alikuwa ameshika jembe kwa muda wa saa tatu na alifika anang'aa.

Halafu kulikuwa na suala la kona. Kwenye ukumbi wangu sheria ni moja: anayefanya nawe mazoezi kwa mwaka ndiye anayekaa kwenye kona yako, anakupa maji, anakufuta jasho. Hatubadilishi, kwa sababu tukibadilisha kila mtu atataka rafiki yake. Na aliyekuwa amefanya mazoezi na Kiprotich mwaka mzima ni Christella. Nilipoliona hilo kwenye karatasi nilitaka kuvunja sheria yangu mwenyewe. Nikamwita Cyriaque nikamwambia naweza kumhamisha mtoto. Akasema sheria iko sheria. Christella mwenyewe aliichukua ndoo ya Kiprotich akaenda nayo kona nyekundu, na sikuupenda uso wake siku ile.

Kwenye kona ya bluu akakaa Kanyange, mke wa Cyriaque, kwa kuwa hakupatikana mwingine. Miaka ishirini na kitu ya ndoa na alikuwa hajawahi kumwona mumewe kwenye karate wala kwenye chochote. Alikuja na taulo lililopigwa pasi, limekunjwa mara nne.

Cyriaque akaingia amevaa kimono chake cha karate. Wateja wake wote wa Kagugu walikuwepo, wakashangilia, maana kilikuwa cheupe mpaka wengine wetu tukaona aibu kwa nguo zetu. Nikamwambia avue koti, hii ni ndondi. Akalivua, akalikunja vizuri kwenye kamba. Akainamia pande nne za ukumbi. Akaniinamia. Akamwinamia Kiprotich, na Kiprotich kwa ule uungwana wake akainama pia, Cyriaque akaona ameheshimiwa akainama tena, Kiprotich naye akarudishia. Ilibidi niweke mkono katikati yao.

Raundi ya kwanza sina haja ya kuieleza kwa urefu. Ngumi za Cyriaque zilikwenda zikasimama, zikaenda zikasimama, na kila zikisimama alirudisha mkono kiunoni na kupokea malipo ya mbavu. Mara moja akaruka. Kwa kanuni, safi kabisa. Kiprotich akasogea hatua moja pembeni, akamsubiri ashuke, akampa mbili. Watu walicheka, na walikuwa na haki. Kengele ilipolia Kanyange alimfuta uso, akamuuliza kwa utulivu kama anataka kumpiga yule mtu au anataka kumpima koti.

Raundi ya pili Kiprotich aliona aibu imezidi, akaamua amalize kazi. Akamfuata kwa kasi, akampata sikioni, moja nzito, mpaka Cyriaque akapepesuka. Akaja tena kumalizia. Na hapo, wenzangu, mkono wa Cyriaque ukatoka wenyewe. Sikuuona, kama ambavyo sikuuona siku ile ya kwanza. Nilisikia mlio. Mgongo wa mkono, kwenye shavu, na haukusimama popote. Kiprotich alikaa chini. Hakuanguka, alikaa, miguu imenyooka mbele, anaangalia watu.

Aliyeshtuka kuliko wote ni Cyriaque. Aliiangalia glavu yake, akapiga magoti kumwinua Kiprotich, pardon, pardon, pardon, mpaka nikamsukuma kwenye kona ya mbali. Christella alikuwa amesimama nyuma ya kamba, mkono mdomoni.

Nikasimamisha saa. Nikampa Kiprotich muda, nikamuuliza jina lake, akalijua. Nikamuuliza anatoka wapi, akasema Eldoret, na akaongeza mwenyewe kwamba hakimbii. Akasema anaendelea. Basi nikamwita Cyriaque katikati nikamkata pointi kwa kupiga kwa mgongo wa mkono. Loo, watu wa Kagugu walivyonijia juu. Mama mmoja aliniambia mtu amekaa chini mbele ya macho yangu, nataka ushahidi gani tena. Nikamwambia ushahidi upo, ruhusa ndiyo haipo. Akasema anajua wanakouza miwani.

Refa hazungumzi na bondia mambo ya pembeni. Lakini Cyriaque alinisogelea, na kwa ile plastiki ya meno mdomoni akaninong'oneza.

"Maître. Ilifanya kazi?"

"Ilifanya kazi," nikamwambia. "Usirudie."

Nikaona macho yake yamelowa. Sehemu iliyobaki ya raundi ile aliipiga bila kuruhusu mkono wa kulia utoke kabisa.

Lakini yeye alikuwa amejiwekea sharti la kanuni za ndondi, na pigo haramu halihesabiki. Nilimjua, hangelihesabu. Alihitaji moja halali, na ilikuwa imebaki raundi moja.

Kwenye raundi ya tatu Kiprotich alikuwa mtu mwingine. Kila Cyriaque akitikisika, yeye anaziba shavu. Ngumi zake mwenyewe zilikuwa zimeisha, malengelenge yamepasuka ndani ya glavu, anavuta pumzi kwa mdomo. Cyriaque naye alikuwa ameacha kusimama wima. Kwa mara ya kwanza alikuwa anatembea, anamfuata mtu. Zikiwa zimebaki sekunde chache akamfikisha kwenye kamba. Kiprotich akainua mkono kuziba lile shavu lake, na katikati pakabaki wazi kabisa, wazi kama mlango wa duka. Nikaiona ngumi inatoka kiunoni, ya wima, kidole gumba juu, na nyuma yake kuna mablanketi yote aliyowahi kuyakamua. Halali kwa kila kifungu ninachokijua. Kiprotich naye aliiona. Mikono yake haikupanda, ilikuwa imechoka. Akafumba macho.

Ikasimama.

Nilikuwa karibu kuliko mtu yeyote. Nimeona ngumi nyingi maishani. Najua ngumi iliyoishiwa nguvu na najua ngumi iliyoshikwa na mwenyewe. Ule mkono ulikuwa unatetemeka mpaka begani. Ngumi ilikuwa mbele ya pua, unene wa ukucha, na upepo wake ulizisukuma nyusi za Kiprotich. Kengele ikalia.

Majaji wote watatu walimpa Kiprotich. Sikuwa na la kubisha, hata mimi ningempa.

Nilimkuta Cyriaque kwenye benchi, Kanyange anamfuta, na nikaanza kumfokea hata kabla sijafika. Nikamwambia alikuwa nayo, halali, safi, ndiyo ile aliyoitafuta miezi mitatu, sasa kwa nini aliisimamisha?

"Alifumba macho, Maître," akasema. "Mtu iko amefumba macho."

Akaendelea kwa ule utulivu wake. Akasema mambo ni wazi, pigo moja liligusa na lilikuwa haramu, na la halali halikugusa. Jumatatu asubuhi atapeleka ufunguo parokiani. Akaniomba nisiwe na uchungu. Mimi ndiye niliyekuwa naombwa nisiwe na uchungu! Kanyange akaacha kumfuta, akalishika lile taulo magotini.

Christella akaja. Alikuwa bado ameshika ndoo ya Kiprotich, sijui kwa nini hakuiweka chini. Alikuwa amemwekea Kiprotich barafu shavuni muda wote wa mapumziko, kwa hiyo aliliona lile shavu kwa karibu kuliko mimi. Alisimama mbele ya babake.

"Papa. Ile ya raundi ya pili. Iko ileile uliyokuwa unanipigia mimi?"

Akasema ndiyo, ileile.

"Na nguvu ileile?"

"Nguvu iko moja tu," Cyriaque akasema. "Tunabadilisha mahali pa kusimama."

Christella akaangalia kona nyekundu, ambapo Kiprotich alikuwa anajaribu kufungua chupa ya maji kwa viganja vile. Akarudisha macho.

"Tangu niko na miaka sita," akasema. "Kila Jumatatu na kila Jumatano, hapa usoni. Na hukunigusa hata siku moja."

Cyriaque akainamisha kichwa. Nilidhani anaficha fahari, na alikuwa na haki ya kuiona. Kumbe sivyo.

"Mara moja," akasema. "Ulikuwa na miaka tisa. Ulipiga chafya, kichwa kikaja mbele. Nilikugusa hapo." Akaonyesha ncha ya pua. "Kidogo. Hukulia. Nikaosha ukumbi wiki nzima."

Kanyange akasema kumbe ndiyo sababu, wiki ile alikuwa anarudi na ndoo na hakumwambia mtu, na chakula alikuwa hakimalizi. Christella akasema yeye hakumbuki kabisa.

"Mimi nakumbuka," Cyriaque akasema.

Christella akaiweka ndoo chini. Akapiga magoti, akaanza kumfungua babake bendeji za mikono, na alikuwa analia waziwazi bila kujificha, na mimi nikawa naangalia ukuta. Akamwambia ule ufunguo usiende popote, Jumatatu anakuja mwenyewe kufungua ukumbi, tena atasimama mbele yake palepale alipokuwa anasimama zamani, na safari hii atajitahidi asipige chafya.